Rais aliyekataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa



Katika nyumba nyingi zenye mtoto mdogo utamkuta mdoli wa dubu. Mwingine amenunuliwa dukani, mwingine ametoka kwenye robota la mitumba akiwa amepungukiwa jicho moja, lakini mtoto hakubali kulala bila yeye. Watu wengi humwita teddy, na wachache wanajua kwamba hilo ni jina la mtu. Ni kifupi cha Theodore, jina la Theodore Roosevelt, Rais wa 26 wa Marekani. Mdoli alipewa jina lake kwa sababu siku moja msituni rais huyo alikataa kumpiga risasi mnyama aliyefungwa kamba.

Ndugu msomaji, Jumapili hii naomba tuyatazame maisha ya mtu huyo. Hakuwa Mkatoliki, wala hakuwa mtakatifu, na makosa yake nitayasema pia. Lakini tendo lake la mwaka 1902 linatusaidia kulitazama jambo linalofanyika nchini kwake hadi leo: watu kulipa fedha ili waue wanyama waliofungiwa ndani ya uzio, wasio na pa kukimbilia. Tena linatusaidia kujitazama sisi wenyewe.

Theodore alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika familia yenye mali. Mali hiyo haikumsaidia kupumua. Alikuwa mtoto mdhaifu mwenye pumu, na usiku kifua kilipombana baba yake alimbeba, akampakia kwenye gari la farasi na kumzungusha mjini ili apate hewa. Baba huyo alikuwa Mkristo aliyetoa muda wake na fedha zake kwa watoto maskini waliouza magazeti na kulala mitaani. Kwa hiyo, jambo la kwanza ambalo mtoto Theodore alijifunza kuhusu nguvu ni kwamba mwenye nazo humbeba asiye nazo.

Tangu utoto alipenda viumbe. Alikusanya ndege, panya na wadudu, akawa na makumbusho yake ndogo nyumbani. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha Harvard, na siku za Jumapili aliwafundisha watoto mambo ya dini. Mwaka 1880 alimwoa binti aitwaye Alice Lee.

Kisha ikaja tarehe 14 Februari 1884. Siku hiyo mama yake alikufa kwa homa ya matumbo, na saa chache baadaye, katika nyumba hiyohiyo, mke wake akafa kwa ugonjwa wa figo. Mtoto wao wa kike alikuwa na umri wa siku mbili tu, na Theodore mwenyewe alikuwa na miaka 25. Alimwacha mtoto kwa dada yake, akaenda magharibi, katika eneo la Dakota, kufuga ng'ombe. Wenye misiba wanaelewa. Kuna huzuni ambayo mtu hawezi kukaa nayo ndani ya nyumba ileile.

Huko Dakota alikuwa mwindaji, na aliupenda uwindaji kupita kiasi. Lakini pia aliona kwa macho yake kinachotokea watu wanapoua bila kipimo. Nyati wa Marekani, waliokuwa mamilioni, walikuwa karibu kwisha. Mwaka 1883, alipokwenda Dakota mara ya kwanza kuwinda nyati, alihangaika siku nyingi kabla ya kumpata mmoja. Alimpata, akamuua. Baadaye alitambua kwamba yeye na wenzake walikuwa wakila akiba ya wajukuu wao.

Mwaka 1887 aliwakusanya rafiki zake wawindaji, wakaanzisha chama kiitwacho Boone and Crockett Club. Chama hicho kiliweka kanuni kuhusu uwindaji wa haki. Mnyama awe huru, mwituni, mwenye nafasi ya kweli ya kukimbia na kujificha. Kumuua mnyama aliyenaswa mtegoni hakukuhesabiwa kuwa uwindaji. Vivyo hivyo kumpumbaza usiku kwa taa, kumpiga kutoka kwenye mtumbwi akiwa anaogelea, au kumfuata akiwa amezama katika theluji nzito isiyomruhusu kukimbia. Kanuni hizo ziliwalinda hasa wanyama wa jamii ya yule ambaye Biblia yetu humwita ayala, yule wa Zaburi ya 42 mwenye shauku ya maji ya mito. Dume lake huota pembe zenye matawi, na pembe hizo ndizo zinazomponza.

Mwaka 1901 Rais William McKinley alipigwa risasi akafa, na Roosevelt aliyekuwa makamu wake akawa rais akiwa na miaka 42. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, alikwenda kuwinda dubu katika jimbo la Mississippi. Kiongozi wa msafara alikuwa Holt Collier, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, mwindaji wa dubu aliyesifika kuliko wote katika eneo hilo. Roosevelt aliwekwa mahali pa kuvizia, akasubiri saa nyingi, kisha akarudi kambini kula. Akiwa huko, mbwa wakamfikisha dubu kwenye bwawa, na dubu akawa anapigana nao. Collier alikuwa ameagizwa amwache dubu kwa ajili ya rais. Basi badala ya kumuua alimpiga kichwani kwa kitako cha bunduki, akamtia kamba shingoni na kumfunga mtini. Tarumbeta ikapigwa kumwita rais.

Roosevelt alifika. Mbele yake alikuwapo dubu aliyejeruhiwa, amechoka, amefungwa. Wenzake wakamhimiza apige. Nani angemlaumu? Ni rais, amesafiri mbali, magazeti yanangoja habari, na wenyeji wake wamejitaabisha ili asirudi mikono mitupu. Roosevelt akakataa. Kumpiga mnyama asiyeweza hata kugeuka, na halafu kujiita mwindaji, kulikuwa uongo, naye hakutaka kuusema uongo huo kwa bunduki yake.

Tusiipambe habari. Dubu hakupona. Alikuwa ameumia sana, na rais aliagiza amalizwe haraka ili asiteseke zaidi. Wakamuua kwa kisu. Lakini habari ya kukataa ilienea. Siku mbili baadaye, tarehe 16 Novemba 1902, mchoraji Clifford Berryman alichora katuni yake katika gazeti la Washington Post. Huko Brooklyn, mwuza pipi mmoja mhamiaji, Morris Michtom, pamoja na mkewe Rose, wakashona dubu wa kitambaa na kumpa jina la rais. Ndivyo mnyama yule alivyofika hadi kwenye vitanda vya watoto wetu.

Roosevelt aliendelea na kazi. Mwaka 1903 alitenga kisiwa cha Pelican huko Florida kuwa hifadhi ya ndege, na hadi anaondoka madarakani alikuwa ametenga hifadhi za ndege 51, mbuga za taifa tano na misitu 150. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kuzipatanisha Urusi na Japani.

Sasa makosa. Mwaka huohuo wa 1906, mjini Brownsville, Texas, mtu mmoja aliuawa kwa risasi usiku, na askari weusi wa kambi ya karibu wakalaumiwa. Ushahidi haukutosha. Roosevelt aliwafukuza jeshini askari 167 bila kuwafikisha mahakamani, wengine wakiwa wametumikia miaka mingi. Jeshi lilikuja kuwasafisha jina mwaka 1972, karibu wote wakiwa wamekwisha kufa. Tazama jambo hili la kutisha: mtu aliyeshindwa kumpiga dubu aliyefungwa, aliweza kutia saini dhidi ya watu 167 ambao hawakuwa na njia ya kujitetea. Hao nao walikuwa wamefungwa mtini, ila safari hii hakuiona kamba.

Halafu alikuja huku kwetu. Aprili 1909, wiki chache baada ya kuacha urais, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, akapita Kenya na Uganda hadi Khartoum, akiwa na wapagazi wengi. Safari ilikuwa ya kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512. Wote walikuwa huru mwituni, ni kweli, lakini moyo unashtuka kusikia idadi hiyo. Alipofika Roma mwaka 1910 hakuonana na Baba Mtakatifu Pius wa Kumi, kwa kuwa alikataa sharti la kutokwenda kwa Wamethodisti wa mji huo. Hivyo mtu huyu si wa kupandishwa altareni. Lakini wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Julai 1918 mwanawe wa mwisho, Quentin, rubani wa vita, aliangushwa na ndege yake huko Ufaransa akafa. Baba hakuchukua muda mrefu. Roosevelt alifariki usingizini nyumbani kwake tarehe 6 Januari 1919, akiwa na miaka 60.

Sasa turudi kwa ayala. Leo huko Marekani, katika Texas na majimbo mengine, kuna mashamba ambayo ayala hufugwa kama mifugo. Madume huchaguliwa kwa ukubwa wa pembe na kupandishwa kwa mpango. Wapo wanaonyonyeshwa kwa chupa, wanaolishwa kila siku mahali pamoja, wanaomzoea binadamu kiasi kwamba wakimwona hawakimbii. Kisha mteja anakuja na bunduki. Uzio una urefu wa mita mbili na nusu hivi, na ayala hawezi kuuruka. Bei hupangwa kwa kadiri ya pembe. Mteja anapiga, anapigwa picha, kichwa kinapelekwa kwake kutundikwa ukutani. Wageni wakija, anawasimulia alivyowinda.

Katika Afrika Kusini jambo la namna hiyo limefanyika kwa simba waliofugwa, na mwaka 2021 serikali ya huko ilitangaza nia ya kulikomesha. Huko Marekani, wapiga kura wa jimbo la Montana waliamua mwaka 2000 kupiga marufuku malipo ya kuua wanyama katika mashamba ya namna hiyo. Na chama alichoanzisha Roosevelt, ambacho bado kipo, hakipokei katika kumbukumbu zake za heshima pembe za mnyama aliyeuawa ndani ya uzio asioweza kuutoka. Wawindaji wenyewe, watu wa bunduki, wanasema huo si uwindaji.

Lipo pia suala la ugonjwa. Mwaka 1967 huko Colorado uligunduliwa, kwa ayala waliofungiwa, ugonjwa unaokula ubongo na kumkondesha mnyama hadi afe. Hauna tiba wala chanjo. Wanyama wanaposongamanishwa, na kusafirishwa kutoka shamba moja hadi jingine, ugonjwa huo hupata njia ya kusafiri nao.

Najua msomaji mmoja ataniuliza: Padre, mbona hata mbuzi wa Krismasi hufungwa kamba? Na ng'ombe wa machinjioni anakimbilia wapi? Swali ni zuri, na lazima tulijibu kwa haki.

Kanisa halifundishi kwamba kuua mnyama ni dhambi. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinamtaja ayala miongoni mwa wanyama wanaoruhusiwa kuliwa. Isaka alimtuma Esau mawindoni amletee nyama. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi wameishi kwa upinde wao miaka na miaka. Katekisimu, katika namba 2415 hadi 2418, inafundisha kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu, kwamba tunaweza kuwatumia kwa chakula na mavazi, na kwamba kuwatesa au kuwaua bila sababu ya maana ni kinyume cha heshima ya binadamu mwenyewe. Zingatia hapo. Inasema ni kinyume cha heshima yetu sisi.

Anayemchinja mbuzi wa sikukuu anataka nyama. Hufanya upesi, kwa kisu kikali, na akimaliza hajiiti shujaa. Hajafanya kifo cha mbuzi kuwa mchezo, wala hajanunua kwacho sifa. Anayelipa ili amuue ayala aliyefungiwa ananunua ujasiri ambao hakuwa nao. Hata kama nyama italiwa na watu, hakuifuata nyama. Alitaka kuonekana mshindi mahali ambapo kushindwa hakukuwezekana. Ushindi wa namna hiyo humharibu mtu, kwa sababu humzoeza kufurahia udhaifu wa mwingine.

Torati iliujua ugonjwa huo wa moyo. Ndiyo maana inamwagiza anayekuta kiota amwachie mama wa makinda aende zake. Mama ndege akiwa juu ya makinda yake hakimbii, upendo umemfunga. Mungu anasema huyo usimkamate, kwa kuwa anayeutumia upendo wa mama kama mtego leo, kesho atautumia kwa binadamu.

Na hapa, wapendwa, tafakari inaingia ndani ya nyumba zetu. Nani katika maisha yako hawezi kukimbia? Binti wa kazi aliyetoka kijijini, ambaye hana nauli wala ndugu mjini, na mshahara wake umeukalia miezi mitatu. Kijana unayemtukana kazini kwa kuwa unajua hana kazi nyingine. Mtoto darasani mbele ya fimbo. Mzee mgonjwa kitandani anayesubiri mkono wako ili ageuke. Mwenye deni. Hawa wote wako ndani ya uzio, na wewe ndiwe uliyeshika bunduki.

Nisijitoe. Miaka ya nyuma, nikiwa paroko, mjane mmoja alikuja ofisini kuomba mumewe azikwe kwa Misa. Nilifungua kadi ya zaka ya marehemu, nikakuta miezi mingi iko tupu. Nikamwambia alipe kwanza, ndipo tuzungumze. Alikuwa ameketi mbele ya meza yangu, khanga imelowa machozi, na maiti ya mumewe ikiwa bado hospitali. Angekwenda wapi? Alikwenda kwa majirani, akakopa, akarudi na fedha. Nilizihesabu. Kesho yake niliongoza ibada nzuri na waamini wakanishukuru. Sikuwa nimevunja utaratibu wowote niliouweka mwenyewe. Lakini nilimpiga mtu aliyefungwa mtini, na nilijua siku ileile. Nilikwenda baadaye kumwomba radhi, akanisamehe upesi kuliko nilivyostahili. Tangu hapo kadi ya zaka haifunguliwi mezani pangu mbele ya mfiwa.

Kristo mwenyewe alifungwa. Huko Gethsemane walikuja na kamba, na kutoka hapo kila aliyemgusa alimgusa mtu asiyeinua mkono. Walimpiga makofi, wakamtemea mate, wakamvika taji la miiba, wakacheka. Lilikuwa burudani kwao, kwa sababu alikuwa ndani ya uzio wa askari. Kisha wakampigilia mtini. Tangu siku hiyo Mkristo hawezi tena kumwona aliyefungwa na kufikiri kwamba Mungu yuko upande wa mwenye kamba.

Ulimwengu husema mwenye nguvu mpishe. Mtu yule wa mwaka 1902, pamoja na madhambi yake yote, kwa dakika chache tu alikuwa mwenye nguvu aliyejipisha mwenyewe. Alishusha bunduki ambayo kila mtu alimtarajia aiinue. Laiti angeikumbuka saa ile alipoletewa majina ya askari wale 167! Na laiti sisi tungeikumbuka kila tunapokutana na mtu asiye na pa kwenda.

Usiku wa leo, ukimfunika mtoto na kumkuta amemkumbatia yule dubu wake mwenye jicho moja, msimulie habari hii kwa kifupi. Mwambie kwamba jina la mdoli wake lilitokana na mtu mkubwa aliyekataa kumwonea aliyefungwa. Kisha, ukiwa bado hujaondoka kitandani pake, mfikirie yule binti aliyeko jikoni anayeosha vyombo. Mshahara wake ukoje?

Ee Bwana, utupe macho ya kuiona kamba iliyo shingoni mwa mwenzetu, na mikono ya kuifungua. Amina.